Samaki Niliyemfuta Kwenye Simu ya Mama Skola

Fundi Polikarpo,

Shikamoo. Ukikaa kimya nitahesabu umeitikia, maana hata ulipokuwa hai salamu zangu ulizipokea kwa kutikisa kichwa tu, brashi umeibana kwa meno.

Ni mimi, Gaudensi. Profesa wa Vioo. Mwanafunzi wako aliyevaa rangi nyingi kuliko alizopaka. Elimu yangu unaijua, nilifika kidato cha pili tukaachana kwa amani, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua vumilia. Nimefika Tunduma mara nisizoweza kuhesabu, nimevuka Nakonde, Lusaka nimelala siku mbili, Kariakoo wananiita kwa jina. Lakini kumwandikia mtu aliyekwisha zikwa ndiyo mara yangu ya kwanza, na sijui kama huwa inaanza na hali ya hewa. Basi hali ya hewa ni baridi. Upepo wa Sumbawanga ni ule ule, unaingia ndani ya koti bila hodi.

Habari za mjini sasa. Ule ukuta wa saluni hapa Chanji, ulipomchora mwanamke mwenye nywele ndefu kama mnara, wameupaka rangi moja tu, ya kampuni ya simu. Nilipita nikakuta wanamfuta, wameanzia miguuni. Nilisimama mpaka walipofika shingoni, nikaondoka. Bango la bucha lipo. Yule ng'ombe wako bado anacheka, na mpaka leo hakuna anayejua anachochekea bucha. Mabango mapya yote yanachapwa Mbeya kwenye turubai. Kuna mgahawa umeweka picha ya Mzungu anakula pizza, ukiingia ndani ni ugali wa ulezi na maharage. Ungekuwepo ungemwita mwenye mgahawa umuulize huyo Mzungu anakaa meza ipi.

Ulikuwa unapenda kunihadithia ile miaka biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikamwagika, mji mzima ukataka duka na kila duka likataka picha mlangoni. Ulisema ulichora sabuni mpaka mwenyewe ukaanza kunukia. Uliwachorea vinyozi, wauza radio, washona suti. Ulikuwa unatembea Sumbawanga kama mtu anayetembea ndani ya daftari lake. Mimi nilikukuta mwishoni mwa neema hiyo, turubai za Mbeya zimeshaanza kufika, na wewe una kibanda, makopo ya rangi, brashi ulizotengeneza kwa singa za mkia wa ng'ombe, na ubao mmoja wa plaiwudi, mpana kama mlango.

Ubao mmoja. Hapo ndipo penye kesi yangu, nitafika.

Unakumbuka nilivyokukimbia? Nilijifunza kwako herufi miaka miwili, halafu simu za tachi zikaingia, nikahamia kibanda cha jirani na chako na laptopu ya mkono wa tatu. Nikawa naweka nyimbo, nabadilisha vioo, na kile kilichonipa jina, nabadilisha sura ya simu. Mtu analeta simu imetoka Uchina na vile vialama vyake vya kiwandani, namwekea thimu, kila kialama kinapata sura mpya, saa inakuwa ya dhahabu, hali ya hewa inakuja na mawingu yanayotembea. Vijana walikuwa wanapanga foleni. Wewe ulichungulia siku moja ukasema, "Gaude, umewapaka wote vipodozi vya aina moja." Nikakasirika. Nikasema huyu mzee ana wivu.

Halafu akaja Masanja, yule mfugaji wa Kisukuma kutoka bondeni, na ng'ombe wake. Yaani na picha ya ng'ombe wake. Hakutaka dhahabu wala mawingu. Alitaka dume lake liwe mahali pa kubonyeza anapotaka kupiga simu. Mimi Profesa nikachora kwenye laptopu mchana kutwa, nikachora kope, nikachora manyoya, nikachora kwato zinang'aa. Nikalipunguza mpaka likatosha kwenye simu. Masanja akaangalia, akageuza simu, akaangalia tena, akauliza kwa upole kabisa, "Huyu panya ni wa nani?"

Ulicheka, Fundi. Ulicheka mpaka ukashika nguzo ya kibanda. Ukasema, "Umechora nywele za ng'ombe, ukamsahau ng'ombe."

Ukafunga kibanda tukashuka bondeni siku hiyo hiyo, maana wewe kitu usichokiona kwa macho hukukichora. Na hukukichora bila ruhusa. Ulifika mbele ya Masanja ukachuchumaa, ukapiga makofi ya salamu kama tunavyowasalimia wakubwa wa Kifipa, ukaomba kulichora dume lake. Halafu ukageuka ukalipigia makofi na dume lenyewe. Watoto wa Masanja wanahadithia hadi leo. Mimi nilitaka ardhi inimeze, mtu niliyefika Lusaka.

Tuliporudi ulilichora kwenye ubao, kubwa kama mlango, kwa mikupuo saba ya brashi. Pembe, nundu, tumbo, basi. Ukaniambia, "Vuka barabara." Nikavuka. Nikageuka. Dume la Masanja lilikuwa linanitazama kutoka ng'ambo, nikasogea nyuma bila kupenda. Ukapaza sauti magari yakasikia, "Anayeonekana kutoka huko ataonekana kwenye kidole!"

Fundi, hiyo ndiyo shule yangu yote. Kuna kijana wa chuo alikuja na miwani akaniuliza natumia kanuni gani za usanifu. Nikamwambia navuka barabara. Akaandika.

Tulifanya kazi hivyo, wewe ubaoni, mimi napiga picha, napunguza, naweka kwenye simu. Picha ikishaingia kwenye laptopu, unapaka nyeupe juu yake unachora nyingine. Nilikuwa nakusihi tununue ubao wa pili. Ulikuwa unajibu, "Ukiwa na mbao kumi utaanza kuzipenda." Kwa hiyo dume la Masanja liko chini ya pikipiki ya dereva mmoja wa bodaboda, pikipiki iko chini ya msalaba wa kwaya, msalaba uko chini ya nini sijui. Ubao wako ni mzito mara mbili ya ulivyokuwa, nimeubeba, najua.

Sasa nifike penye kesi.

Skola alipomtumia mama yake simu kutoka Mwanza, Mama Skola aliifunga kwenye kanga akaiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo. Hakusoma, na namba zilimwonea. Wewe ukasema, "Huyu asome kwa macho yake." Ukachora watoto wenu watatu, kila mmoja kwa kitu chake. Skola cherehani. Deo, aliyeko Wampembe ziwani, mgebuka, samaki wa ziwa lile. Leonsia, aliyeolewa Kate, hindi la manjano. Nikazijaza kioo kizima, picha tatu tu. Akigusa samaki, Deo anaita. Deo akipiga, samaki anatokea na kutikisika. Nakumbuka alivyogusa mara ya kwanza, kwa ncha ya kidole kama anapima chungu kama kina moto, na sauti ya Deo ikatoka na kelele za ufukweni. Akaipigia simu makofi. Wewe ulijifanya unasafisha brashi.

Ilikuwa kazi yetu bora. Nimeuza thimu kwa watu wa Mpanda, wa Mbeya, hata kwa mtu mmoja wa Dar aliyedhani Sumbawanga ni jina la kinywaji. Hakuna iliyofika pale.

Mvua zilipoanza kifua kikakubana. Uliacha kusimama, ukawa unachora umekaa. Picha ya mwisho ulianza baiskeli yako, ukasema ni ya Mama Skola kukupigia wewe ukiwa kibandani. Gurudumu la nyuma ulilimaliza. La mbele uliweka nusu duara ukasema utaendelea kesho. Tulikuzika siku tatu baadaye, mvua ikinyesha.

Baada ya arobaini Mama aliniletea simu. Ilikuwa inasuasua, inaganda. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba Fundi ameacha mtu. Nikasema mbele ya watu, niachie mimi, nitaiosha itoke kama mpya. Nikaiflashi kwa vitufe vyake vyenyewe. Nikafuta kila kitu, kwa mbwembwe, napiga mluzi, kwa sababu picha zote zilikuwa kwenye laptopu. Nikaiwasha laptopu. Haikuwaka. Radi ya wiki ya msiba ilipita kwenye waya ikaichoma mpaka ndani, na mimi sikuwa nimeigusa tangu msiba. Wakazi wa Dar wakisikia Mfipa ameunguziwa na radi wanacheka mpaka wanakaa chini, wanaamini sisi tunazifuga. Mimi siku hiyo sikucheka. Nilimpelekea kila fundi mjini. Hakuna.

Cherehani, samaki, hindi. Na ubaoni zote ziko chini ya nyeupe yako.

Nikafanya jambo la aibu. Nikamrudishia simu na vialama vya kiwandani, nikamwambia, "Mama, mtandao unasumbua Rukwa nzima. Ukitulia, picha zitarudi zenyewe." Mimi huyu. Mdomo huu huu.

Akaamini, kwa kuwa nilikuwa mtu wako. Kila akipita kibandani anauliza, "Samaki amerudi?" Namwambia bado, Mama. "Hindi je?" Bado. Anashukuru, anaenda zake. Alishukuru, Fundi. Wiki tatu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba hata kupokea alikuwa hapokei. Simu inaita, yanatokea maandishi, yeye anaitazama mpaka inanyamaza. Alisema hawezi kumwitikia mtu asiyejionyesha. Na katika wiki hizo Leonsia alijifungua. Akapiga siku mbili, yuko kitandani Kate, anapiga, mama yake hapokei. Habari Mama alizipata Jumapili nje ya kanisa, kutoka kwa mtu baki aliyedhani anampongeza.

Jumatatu alikuja kibandani amevaa kanga yake nzuri. Akachuchumaa, akanipigia makofi ya salamu, mimi, ambaye ningepaswa kumchuchumalia yeye. Akasema, "Mwanangu, najua mtandao ni mgumu. Ila ungeniitia hindi peke yake. Samaki na cherehani wasubiri. Nataka kumsikia mzazi."

Nikashindwa. Nilikaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya Lusaka. Nikamwambia yote. Mtandao ni mzima, Mama. Ni mimi. Nimewafuta.

Mteja mmoja alikuja, akatuangalia, akaondoka. Kwanza Mama akachukua simu akaniambia nimpigie Leonsia, nikapiga, wakazungumza, mama anamwambia mwanawe "nilikuwa naiona inalia, sikujua ni wewe," na mimi nasikia kila neno, hiyo ndiyo fimbo yangu. Alipomaliza akauliza, "Ubao si upo?"

Nikamwambia upo, lakini una baiskeli. Ni mkono wa mwisho wa Fundi. Nitanunua ubao mwingine.

Mama Skola akasema, "Paka juu."

Nikabisha. Unanijua kwa kubisha. Nikasema kile ni kitu cha kuwekwa ukutani, wajukuu waje wakione. Akasema, "Yeye alipaka juu ya Deo akamchora Leonsia. Hakulia. Baiskeli hiyo haina namba ya kupigia, Gaudensi. Wanangu wanazo."

Niliipiga picha kwanza, mimi si mjinga kiasi hicho. Nikamwonyesha, nikasema hii nitakuwekea kwenye simu pamoja na watoto, ukae nayo. Akaitazama sana. Akakwaruza kioo kwa ukucha pale lilipokatika gurudumu la mbele. Halafu akanirudishia. "Usiniwekee," akasema. "Nitaigusa."

Sikubisha tena.

Nikafunga kibanda kama ulivyofunga wewe. Cherehani ilikuwa nyumbani kwa Mama, ile ya zamani ya Skola, imefunikwa kitambaa; nilikaa mbele yake asubuhi nzima. Nikaenda Kate, Leonsia akanipeleka shambani mtoto mgongoni, nikapiga makofi mbele ya mahindi, shemeji yangu mumewe akauliza kama nimekunywa. Nikashuka hadi Wampembe. Deo alinipandisha kwenye mtumbwi. Msafiri wa kimataifa nilitapika kabla hatujaacha kuona nyumba. Alipomvuta mgebuka wa kwanza, ule ung'aavu wake, nikamwomba amshike mbele ya jua nimtazame kabla hajafa, na Deo akasema, "Hivyo hivyo ndivyo baba alivyonishikisha." Hapo nikapiga makofi kwa moyo wote, na wavuvi wa mtumbwi wa pili wakaitikia kwa utani, mtumbwi mzima.

Kisha nikapaka nyeupe juu ya baiskeli yako. Nataka ujue nilivyofanya. Nilianzia gurudumu ulilolimaliza, nikaliacha lile la nusu kwa mwisho. Brashi ilikuwa yako.

Samaki wangu wa kwanza aliharibika. Nilivuka barabara nikaona ndizi. Wa pili nikaona kiatu. Nilipaka na kufuta siku nne, waendesha bodaboda wakawa wanavuka nami wanatoa hukumu. "Profesa, huyo amevimba!" "Profesa, huyo ni dagaa amepata cheo!" Siku ya tano nilivuka, nikageuka, na hukumu ikawa moja, "Mgebuka!"

Nilipompelekea Mama simu ina picha zote tatu, nimeziweka kwa laptopu ya kuazima, nilimtazama uso. Alimgusa samaki. Deo akaitika. Alipokata akasema, "Si wa mume wangu." Nikainamisha kichwa. Akasema, "Wa mume wangu alikuwa mpole. Huyu anaonekana mbishi. Lakini ni mgebuka, na mwanangu ameitika." Akafunga simu kwenye kanga, safari hii kiunoni.

Nikawa naondoka, nimefika mlangoni, akaniita.

"Na wewe je? Nikikutaka wewe niguse nini?"

Fundi, sikuwa nimejipangia nafasi. Kioo kile nilikigawa mafungu matatu kama wewe, sikufikiria. Nikajitia nguvu ya kutania, nikasema, Mama, nikuchoree simba. Akakataa. Nikasema basi ndege, maana mimi ni mtu wa safari. Akakataa, akasema ndege gani anatapika Wampembe. Deo alikuwa ameshamwambia. Nikauliza basi nini.

"Mdomo," akasema. "Chora mdomo. Nitakujua."

Nilichora mdomo kwenye ubao wako, mpana kama mlango, umefunguka. Nikavuka barabara. Watu wa Chanji walisimama wakaanza kucheka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani. Ukae ukijua mwanafunzi wako ndiye mtu wa kwanza katika Ufipa yote kutambulika kwa meno kutoka ng'ambo ya barabara. Siku hizi kioo cha Mama kina mafungu manne, na mimi niko chini, baada ya Leonsia, mahali pa mtoto wa mwisho.

Huwa anapiga. Mara nyingi hana jambo. Anasema, "Nilikuwa najaribu kama mdomo unafanya kazi." Namjibu unafanya, Mama, tena kupita kiasi. Ananiambia alichopika, anataja maharage, anataja jina lako kidogo, anakata.

Pumzika, Fundi. Rangi ninazo, ubao ninao, nitaendelea kuuzidishia uzito. Ahadi yangu kwako ni moja na sitaipamba. Niwe na mteja mbele yangu, niwe Tunduma kwenye foleni ya mpaka, niwe nimelewa sifa zangu mwenyewe, mke wako akinigusa, nitapokea.

Wako,
Gaudensi